Askari Arobaini na Wanane, Sanduku la Posta 67

Kisii Mjini,
20 Aprili 2020

Shangazi Bonareri,

Najua huwezi kusoma barua bila kuzima redio kwanza, kwa hivyo izime, kisha upokee salamu zetu. Huku tu wazima. Sharon wangu bado anakwenda kazini kwenye duka la dawa, barakoa imembana mpaka masikio yamesimama. Mimi niko nyumbani tangu shule zifungwe mwezi uliopita. Kidato cha pili niliwaacha katikati ya Vita vya Kwanza vya Dunia, na sijui nani atawatoa humo. Nasikia mvua imepiga sana upande wa Nyamira. Migomba imesimama?

Nakuandikia badala ya kupiga simu kwa sababu wewe mwenyewe ulisema kwenye simu unasikia nusu, na nusu nyingine unajijazia. Ni kweli pia kwamba tangu Krismasi sijakupigia. Hayo tuyaache kwa sasa.

Jambo lenyewe ni hili. Mwezi wa Novemba niliagiza kifurushi kutoka Uingereza. Wenye duka ni mtu na mkewe, na hutengeneza mzigo baada ya kupata oda, ndiyo maana wamechelewa. Wamesema waliutuma tarehe tisa Machi. Anwani niliyowapa ni sanduku lako, 67, maana wakati huo mimi na wewe tulikuwa sawa. Ulinifundisha mwenyewe kwamba kifurushi kisipochukuliwa hurudishwa kilikotoka. Kwa hivyo nakuomba, ukikuta karatasi ya kuitwa kuchukua mzigo ndani ya sanduku, usiichome. Ndani mna askari wangu wa mchezo, wale wale uliowasema.

Mwana wa ndugu yako,
Ogeto


Ekerenyo,
4 Mei 2020

Mwanangu Ogeto,

Barua yako ilifika Alhamisi, siku kumi kamili kutoka Kisii. Enzi zangu ingefika kwa siku mbili, na stempu ungeibandika kwenye pembe yake, si katikati ya bahasha kama plasta ya kidonda. Miaka thelathini na mmoja nimekaa nyuma ya kaunta ya posta, na mtoto niliyemlea chini ya kaunta hiyo hiyo bado hajui stempu inakaa wapi!

Mungu ni mwema, nimeamka. Magoti yananisumbua, lakini si zaidi ya mwaka jana. Mvua imeangusha migomba mitatu, na chai inachumwa kama kawaida. Kanisa limefungwa, kwa hivyo Sabato naimba peke yangu sebuleni. Sauti yangu unaijua. Hata kuku hutoka nje.

Karatasi ya kuitwa haijaja. Bosire, niliyemfundisha kazi na sasa ndiye mkubwa wa posta hapa, nimemwambia aniarifu siku hiyo hiyo. Lakini umeniandikia "usiichome", na neno hilo limeniuma. Nimewahi kuchoma karatasi ya nani? Watu ambao hata sura zao sikuzipenda niliwapa barua zao mkononi, zikiwa kavu, siku za mvua.

Na kwa kuwa umeitaja Krismasi, nami nitaitaja mara moja tu. Sahani yako niliifunika. Nilidhani umetoka kupunga hewa. Ilikaa mezani siku mbili, siku ya tatu nikawapa kuku. Katika nyumba hii hakuna mtu aliyewahi kuondoka bila kula, hata yule wakala wa bima.

Redio inasema sisi wa zaidi ya miaka hamsini na minane tusitoke nje. Nina sitini na sita. Kifurushi kikija, nitatoka.

Shangazi yako,
Bonareri


Kisii Mjini,
25 Mei 2020

Shangazi,

Stempu ya leo iko pembeni, nimetumia rula. Pole kwa migomba. Sharon anasema utafune tangawizi kwa ajili ya magoti, lakini nilimwambia wewe hutumii dawa usiyoipanda mwenyewe.

Nisamehe kwa lile neno la kuchoma. Halikustahili kuandikwa.

Ila kuhusu Krismasi, ngoja niseme, maana ana kwa ana sitaweza. Nilikuwa nimekuja na Ongeri, yule rafiki yangu wa Ogembo ambaye hucheza nami kila Jumapili. Tulikuwa tumekaa na wazee wa kanisa na jamaa zote. Ukasimama na sufuria mkononi, ukasema, "Huyu hapa mwalimu wa historia, ana mke ndani ya nyumba, bado anacheza na wanasesere." Wote wakacheka. Ongeri naye akacheka, kwa aibu, akitazama viatu vyake. Wewe ndiye uliyenilea tangu baba alipofariki nikiwa na miaka saba. Angesema mwingine yeyote, ningekaa nikala.

Si wanasesere. Kila askari ni mfupi kuliko njiti ya kiberiti. Wanakuja bila rangi. Mtu anawapaka rangi mmoja mmoja kwa brashi yenye nywele chache kuliko kope za jicho. Kisha tunapanga meza, milima kwa vitabu na mto kwa kitambaa, tunapima mwendo wao kwa futi ya fundi cherehani, tunarusha dadu. Nimefundisha vita miaka tisa, Shangazi, na ni kwenye meza ile tu ndipo nilielewa kwa nini majemadari hukosea.

Kuhusu sahani, sikuwa na njaa.

Ogeto


Ekerenyo,
22 Juni 2020

Mwanangu Ogeto,

Habari za nyumbani kwanza, maana ukisikia kilichofika hutazisoma. Ng'ombe amezaa ndama dume, mweusi tii. Damaris, jirani yangu wa upande wa chini, amerudi kuuza mitumba Kisii kila Jumatatu. Kafyu imesogezwa mpaka saa tatu, kana kwamba mimi nilikuwa na safari za saa mbili.

Kifurushi chako kimefika.

Bosire alinipa habari Jumanne iliyopita. Nikavaa barakoa ya kitenge nikatembea hadi posta kwa miguu yangu. Watu walinikodolea macho kana kwamba nimefufuka. Nikakagua mihuri, nikatia sahihi, kisha nikakipima kwa mkono nikasema, "Gramu mia sita na kidogo." Bosire akakiweka kwenye mizani. Mia sita na ishirini. Mkono haujasahau kazi.

Sijakifungua. Miaka thelathini na mmoja sijafungua mzigo wa mtu na sitaanza na wako. Lakini kimetoka ng'ambo, na redio inasema ugonjwa huu hukaa juu ya vitu. Watu waliotoka ng'ambo wote waliwekwa karantini siku kumi na nne, na sioni kwa nini kifurushi kipewe heshima kuliko watu. Kwa hivyo nimekipandisha kwenye uchaga jikoni, pale juu ya moto ninapokaushia mbegu za wimbi. Moshi ule hauachi kitu hai. Nachochea asubuhi na jioni, na kuni naongeza kuliko kawaida kwa usalama wako na Sharon. Leo ni siku ya sita. Jumatatu ya tarehe sita Julai Damaris atakuletea.

Barua hii ningeweza kumpa Damaris pia, lakini barua isiyo na stempu ni karatasi tu.

Uliyoyaandika kuhusu Krismasi nimeyasoma. Ndama bado hana jina.

Bonareri


Kisii Mjini,
13 Julai 2020

Shangazi mpendwa,

Tu wazima. Hongera kwa ndama. Kifurushi nimekipokea kwa Damaris, mihuri yote ikiwa salama. Askari ni arobaini na wanane kama nilivyoagiza. Asante kwa taabu yote uliyoipata. Sharon anakusalimu.

Ogeto


Ekerenyo,
24 Julai 2020

Ogeto,

Telegramu nilizozipokea maishani zilikuwa ndefu kuliko barua yako.

Kanisa limefunguliwa, saa moja tu, na sisi wazee tumeambiwa tukae nyumbani. Aliyenisimamisha mlangoni na chupa ya sanitaiza ni mtu niliyemfundisha mimi Kitabu cha Mwanzo akiwa bado anamwaga kamasi. Nilirudi nyumbani nikaimba nyimbo sita kwa hasira.

Sasa wewe. Kwenye kaunta nimeona nyuso za watu waliopokea walichokingojea, na nimeona za wale waliofungua wakakuta kimevunjika, wakasema asante kwa sababu karani hakuwa na kosa. Mtu aliyengoja kitu miezi minane haandiki "asante kwa taabu yote uliyoipata". Hayo huambiwa waliobeba jeneza. Kuna nini?

La pili. Bahasha yako umeikunja mwenyewe kwa karatasi ya mtihani. Kwa ndani nimesoma swali la tatu, "Eleza sababu tano". Nami nakuuliza, nieleze sababu moja tu ya mwalimu kukosa bahasha ya dukani. Shule inakulipa?

Jumatatu Damaris atakuletea mkungu wa ndizi na maharage. Usimrudishie kitu, nawe usinifanye mjinga.

Bonareri


Kisii Mjini,
3 Agosti 2020

Shangazi,

Ndizi zimefika, na Sharon amezipika siku nne mfululizo. Asante, na safari hii ni asante ya kweli.

Sijalipwa tangu mwezi wa Aprili. Shule ni ya mtu binafsi, bila karo hakuna mshahara. Tunaishi kwa kazi ya Sharon. Sikutaka ujue kwa sababu wewe ndiye uliyenisomesha, na niliona kama ni shahada yako iliyokaa bila kazi.

Na sasa jambo lingine. Nilifungua kifurushi mezani, Sharon akiwa amesimama karibu. Kikanuka moshi wa jikoni kwako, na kwa dakika moja nikafurahi sana, nikajihisi niko nyumbani. Kisha nikatoa wa kwanza. Mkuki wake ulikuwa umejikunja kama mkia wa nguruwe. Wa pili alikuwa ameinama akichungulia visigino vyake mwenyewe. Wote, Shangazi. Ile plastiki ngumu haipatani na moto. Wiki mbili juu ya jiko ziliwalegeza, na walipopoa wakagandia hapo hapo. Sharon alianza kucheka, akaniona uso, akaacha.

Sikukuambia kwa sababu ulifanya kwa upendo, kuni zaidi ya kawaida na yote. Tena niliogopa ningekuambia tungekosana mara ya pili, na ile ya kwanza bado haijaisha.

Nikisema, niseme yote. Ningeweza kutumia sanduku la Ongeri kule Ogembo. Nilitumia lako kwa sababu kila kitu kizuri nilichowahi kupokea, matokeo ya mtihani, barua ya chuo, barua ya kazi, kilipitia mkononi mwako kwanza. Nilitaka na hawa wapite hapo. Nilitaka uwaone wakiwa wazuri, kisha useme unalotaka kusema.

Ndani ya bahasha hii nimeweka mmoja, uone tu. Usihangaike kumrudisha.

Ogeto


Ekerenyo,
14 Agosti 2020

Mwanangu,

Nilipomtoa huyo askari wako kwenye bahasha nilicheka mpaka Damaris akaja mbio akidhani nalia. Baada ya hapo kweli nikalia kidogo.

Nilitoa ile lenzi yangu ya posta, ya kusomea anwani zilizofutika. Ogeto, ana pua! Ana vifungo sita vya koti, nimevihesabu, na kiatu kimoja kamba yake imefunguka. Nani alikaa akafikiria kumfungulia askari kamba ya kiatu? Nilimtazama mpaka chai ikapoa. Mimi niliwacheka watu hawa bila kuwaona. Nilikucheka na wewe mbele ya watu, na nilijua umeumia, na badala ya kukufuata langoni nikafunika sahani. Nisamehe. Nimekukosea kwa mdomo siku ya Krismasi, kisha nikakukosea kwa moto. La pili sikujua. La kwanza nilijua.

Sasa sikiliza. Unalikumbuka beseni lako la kijani la kuogea? Niliwahi kulianika juu ya bati, jua likalikunja likawa kama sikio. Ukalia ukisema hutaoga tena. Nililizamisha kwenye maji ya moto, likalainika, likaanza kurudi lenyewe kama lilivyotoka kiwandani. Kazi yangu ilikuwa kulielekeza tu kwa mkono na kulitia kwenye maji baridi. Nimemfanyia askari wako hivyo hivyo. Maji yasichemke, yawe ya kukutoa machozi ukitia kidole. Mshike kwa kibano cha nyusi cha Sharon, hesabu mpaka kumi na tano, mwelekeze polepole, kisha maji baridi. Namrudisha kwenye bahasha hii, nimemzungushia pamba. Mtazame mwenyewe.

Usinitumie wengine, utamaliza stempu. Fanya nyumbani.

Nina kikohozi kidogo, ni moshi tu. Ndama nimempa jina Jemadari.

Bonareri


Kisii Mjini,
24 Agosti 2020

Shangazi!

Amesimama wima! Nilimweka juu ya meza nikamtazama kutoka pande zote nne. Nimewafanyia wote kama ulivyosema, jioni mbili, Sharon ameshika sufuria na mimi kibano. Unawazamisha, unangoja, unaona mkuki unaanza kujinyosha wenyewe chini ya maji. Sharon alipiga kelele mara ya kwanza. Arobaini na saba wako sawa kabisa. Mmoja mkuki ulikatika, nikamfanya mpiga ngoma.

Ongeri alikuja Jumapili, akakaa upande wa pili wa meza na barakoa yake. Nilimsomea maneno yako kuhusu kamba ya kiatu. Alimwinua askari mpaka karibu na macho, akasema, "Hata mimi sikuwa nimeiona."

Lile la kwanza nimekusamehe, Shangazi. Nilikuwa nimesamehe zamani, nilikuwa nangoja tu uniombe. Mimi pia niliondoka bila kuaga. Nikuombe radhi.

Nitakuja lini? Sharon anauliza kikohozi hicho kina siku ngapi, na kama una homa. Jibu upesi, hilo la kikohozi kwanza.

Ogeto


Kisii Mjini,
17 Septemba 2020

Shangazi,

Sijui barua hii utaisomea wapi, ila mimi nitaiandika.

Wiki tatu hukujibu. Simu yako imezimwa. Jumatatu nilimtafuta Damaris sokoni sikumwona, nikampigia Bosire posta. Akaniambia sanduku 67 halijafunguliwa tangu mwisho wa Agosti. Wewe hujawahi kuacha sanduku wiki moja, hata ulipofanyiwa upasuaji ulimtuma mtu na ufunguo.

Juzi nilikuja Ekerenyo. Nilikuta mlango umefungwa na Damaris akikuchungia Jemadari. Akaniambia uko hospitali, siku ya kumi na mbili, unasaidiwa na oksijeni, na kwamba ulimkataza kuniambia. "Alisema una shida zako za kutosha," akaniambia. Nilimkasirikia, kisha nikamwomba msamaha, maana ni yeye aliyekupeleka.

Hospitali hawaruhusu mtu kuingia. Jana nilikaa langoni tangu asubuhi mpaka saa kumi. Shangazi, nimekaa pale nikifikiria sahani moja tu. Nilikudanganya nilipoandika kwamba sikuwa na njaa. Siku ile nilikuwa na njaa tangu asubuhi, harufu ya kuku ilinifuata mpaka barabarani, na nilikuwa nikitembea nikisubiri uniite. Nikiikosa nafasi ya kukaa mezani kwako tena nitakuwa nimeikosa kwa kiburi, si kwa ugonjwa. Naogopa sana.

Muuguzi mmoja alikubali kukupelekea bahasha. Nimekuwekea yule askari wako, wa kamba ya kiatu, uliyemnyosha mwenyewe. Nimempaka rangi: koti jekundu, vifungo sita vya dhahabu. Mwangalie ukiweza.

Barua hii naituma sanduku 67, kama kawaida. Uje uifungue mwenyewe.

Mwanao,
Ogeto


Ekerenyo,
Jumapili, 4 Oktoba 2020

Ogeto, mwanangu,

Nimeifungua mwenyewe. Nilikwenda posta nimeshikwa mkono na Damaris huku na Bosire kule kama bibi harusi, lakini ufunguo niliuzungusha mimi.

Nimerudi nyumbani siku tisa sasa. Siwezi kuchuma chai, siwezi kupanda kile kilima cha kisimani, na nikiongea sana napumzika katikati. Ila napumua, na bila mashine. Daktari alisema, "Mama, umerudi kutoka mbali." Nikamwambia mimi ni mtu wa posta, ninajua vitu vinavyochelewa na bado vikafika.

Sikukuambia kwa sababu ungekuja. Ndiyo hivyo tu. Hukuwa na mshahara, ungeuza kitu, na huko wodini hungepata hata kuniona. Damaris usimseme, nilimwapisha.

Bahasha yako nililetewa usiku ule ule. Nikamsimamisha askari juu ya kabati la kitandani, karibu na dawa. Wauguzi walikuwa wakimuuliza yeye hali yangu kabla ya kuniuliza mimi. Walipotaka kujua amenunuliwa wapi, nikasema mwanangu ndiye fundi wake. Mwalimu wa historia, nikasema, ana mke ndani ya nyumba. Safari hii nilisema kwa majivuno mpaka nikakohoa.

Na ukilala namna ile, kichwa kinatembea. Nikakumbuka kitu. Unakumbuka zile lakiri za madini ya risasi tulizofungia mifuko ya barua? Nilikuwa nakukatia zile kuukuu, unajifungia nazo chini ya kaunta, una miaka saba, baba yako Nyamongo tumemzika mwezi uliotangulia na huzungumzi na mtu. Ulizipanga mistari miwili. Mfuko wa Kisii ulipigana na mfuko wa Nairobi mchana kutwa, nami nikauza stempu juu ya kichwa chako huku nikisikia milio ya bunduki. Ndivyo ulivyoanza kusema tena. Nilikuwa nimesahau kabisa. Jeshi lako la kwanza nilikupa mimi, kisha nikasimama mbele ya watu nikakucheka.

Damaris amepekua sanduku langu la mbao akalipata kopo la kakao. Zimo bado. Lakiri ishirini na nane.

Jumapili ijayo uje na Sharon na hao wako. Nimetoa meza kubwa barazani. Ina urefu wa zaidi ya mita mbili, kwa hivyo serikali haina la kusema: wewe utakaa mwisho huku, mimi mwisho kule. Futi ya fundi nimeazima. Dadu ulete. Mimi nitaamuru mfuko wa Kisii.

Lakini hakuna vita kabla ya chakula. Kuna kuku, kuna ugali wa wimbi, na mboga ya chinsaga nitailaza kwenye maziwa tangu Jumamosi jua likishazama. Sahani ni ile ile.

Kwa mara ya kwanza maishani nimeandika barua bila kuitia stempu. Damaris anakuja Kisii kesho, na sina siku kumi za kungoja.

Shangazi yako,
Bonareri


Kisii Mjini,
Jumatatu, 5 Oktoba 2020, saa kumi jioni

Shangazi,

Damaris amesimama mlangoni na gari linamngoja, kwa hivyo sina nafasi ya salamu. Shule imeniita nianze tarehe kumi na mbili na kidato cha nne. Sharon analia jikoni na anasema ni vitunguu. Hatujanunua vitunguu.

Jumapili tunakuja. Nitakuja na njaa.

Ogeto